Kiti Nyuma ya Wavu

Mpira ulipita katikati ya miguu ya Maruo kama paka apitaye chini ya uzio, na uwanja mzima wa besiboli ukageuka kuufuata. Mimi sikugeuka. Kazi yangu ni kutazama mahali ambapo wengine wameacha kutazama, yaani usoni kwa aliyeurusha. Isogai alikuwa amefanya kila kitu sawa. Alirusha ule mpira wake unaozama mwishoni, mpigaji akaukwangua kwa juu, ukatambaa chini taratibu hadi kwa mlinzi wake, Maruo, naye akaukosa. Wapinzani wawili wakakimbia hadi kituo cha nyumbani, alama mbili. Kesho yake magazeti yangeandika kwamba Isogai amepoteza tena, na hakuna gazeti ambalo lingetaja miguu ya Maruo.

Isogai aliokota kifuko chake cha unga wa kukausha vidole, akakiminya, akakitupa. Kisha akamwinulia Maruo glavu, kama kusema kosa ni langu. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

Uso huo ndio ninaousafiria.

Naitwa Nagakura. Shule niliiacha mapema kwa sababu nilijua kudaka mpira na sikujua kitu kingine chochote. Nilidaka miaka mingi, zaidi katika timu ya pili, na magoti yalipogoma klabu yangu, Tai wa Okayama, ikanipa kazi ya kuzunguka nchi kutafuta warushaji. Mrushaji mzuri wa timu nzuri anajulikana hadi kwa kinyozi, na hauzwi. Mimi natafuta wazuri waliofukiwa katika timu mbovu. Mtu kama huyo anaanza mchezo, anarusha vizuri, walinzi wake wana mikono ya mbao, wapigaji wake wanapepea hewa, na mwisho wa siku kipigo kinaandikwa kwa jina lake. Watu wakisoma matokeo wanaona hafai. Mimi naenda kumtazama mwenyewe. Nakaa nyuma ya wavu, mgongoni kabisa kwa mdakaji, nauona mpira ukinijia kama mdakaji anavyouona. Hapo ndipo nilipokaa maisha yangu yote, kwanza nikiwa nimechuchumaa, sasa nikiwa na kiti.

Na timu mbovu kuliko zote mwaka huo ilikuwa Mbweha wa Kanazawa.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuwachimba Mbweha hao hao. Mwaka uliotangulia nilimchukua kwao Tsukuda, kijana mwenye mkono kama mjeledi na uso uliotulia vilevile. Alipofika kwetu, penye walinzi hodari na wapigaji wenye nguvu, akabomoka kama ukuta wa udongo kwenye mvua. Kabla majira ya joto hayajaisha alikuwa timu ya pili. Siku moja nilimkuta akikimbia peke yake kandokando ya uwanja wa mazoezi, nikamwuliza kulikoni.

"Sijui, mzee," alisema. "Kule nilikuwa najua la kufanya. Huku kila mpira najiuliza."

"Acha kujiuliza."

"Ndiyo, mzee." Akainama kwa heshima, kisha akauliza, "Kule bado Dobashi ndiye anayedaka?"

Nikamwambia ndiyo, nikaenda zangu. Nilidhani ni swali la mtu aliyekumbuka kwao.

Bosi wangu, Tomioka, hakunifokea. Tuliwahi kucheza pamoja na kulala chumba kimoja cha bweni la klabu, kwa hiyo aliniambia polepole, jambo ambalo ni baya zaidi. "Nagakura, jicho lako naliheshimu. Lakini ukiniletea Tsukuda wa pili, mwakani utakuwa unakata tiketi getini." Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa linafungwa mwisho wa Julai. Alitaka jina moja la mrushaji, na alitaka nimwambie kwamba nina uhakika.

Jina nilikuwa nalo. Uhakika ndio uliokuwa ukinikimbia. Nilikuwa nikilala hotelini naamka katikati ya usingizi nikiiona miguu ya Maruo, kisha uso wa Isogai, kisha Tsukuda akizunguka uwanja kama ng'ombe wa kinu.

*

Jumapili iliyofuata Mbweha walicheza nyumbani na Isogai ndiye aliyeanza. Nilipofika, viti vya nyuma ya wavu tayari vilikuwa na watu wa kazi yangu, wawili wa klabu za Tokyo na mmoja wa Fukuoka, wamekaa mbalimbali wakijifanya hawajuani. Katika kazi yetu macho yanakuwa kwa mrushaji lakini masikio yanakuwa kwa jirani. Mwenzio akikuona kwa mara ya tatu kwenye mchezo wa mtu yule yule, jioni klabu yake nayo inapiga simu kuuliza bei. Nikageuza njia kabla hawajaniona, nikanunua tiketi ya upande wa pili kabisa, kule nyuma ya uwanja, kwa wapiga ngoma.

Sikuwahi kukaa kule hata siku moja.

Nilibanwa kati ya mpiga tarumbeta na mama mmoja mnene aliyevaa fulana ya Mbweha iliyofifia hadi mbweha mwenyewe akafanana na panya. Nilipotoa darubini, mama akaitazama kama nimetoa nyoka.

"Hapa tunapiga ngoma, baba. Darubini peleka msituni ukaangalie ndege."

"Macho yangu mabovu, mama."

"Timu yetu ni mbovu zaidi. Usipoona vizuri, shukuru." Akanipa tonge la wali lililofungwa kwa mwani bila kuniuliza kama nina njaa. Jina lake lilikuwa Bi Horie. Alikuwa na duka la viatu mjini, na kila Jumapili alilifunga ili aje kuwatukana Mbweha kwa mapenzi. "Maruo!" alipaza sauti. "Mpira si kaa la moto, mwanangu. Shika!"

Kutoka kule, mrushaji humwoni uso. Unamwona mgongo, namba yake na kisogo. Nikakasirika, nikaona nimetupa pesa ya tiketi bure. Nikaelekeza darubini alipoelekea yeye, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nikamwona mdakaji kwa mbele.

Dobashi alikuwa amefikia umri wa kustaafu na kuupita kidogo, kifua kama pipa. Kabla ya kila mpira alikuwa akifanya jambo. Alipapasa udongo kwa glavu kumwambia mwenzake ashushe. Mpira ulipopotea, alipandisha mabega na kuyaangusha, akimwambia alegeze. Isogai alipoanza kuharakisha, Dobashi alifungua kamba ya ngao ya mguu isiyohitaji kufunguliwa, akaifunga tena, taratibu kama mtu anayechambua dagaa. Na Maruo alipokosa mpira mwingine, maana alikosa, Dobashi alisimama, akaenda hadi kwenye kichuguu, kile kinundu cha udongo anaposimama mrushaji, akaziba mdomo kwa glavu wapinzani wasimsome, akasema kitu. Mabega ya Isogai yakatikisika. Alikuwa anacheka.

Dobashi akarudi zake, na Isogai akageuka na ule uso uliotulia.

Ilikuwa mchana wa Julai, jua linachoma kwa wima, na mimi sikuishusha darubini. Wale watatu nyuma ya wavu walikuwa wanamwona Dobashi mgongo tu. Mimi mwenyewe, mdakaji mzima, nilikuwa nimemtazama mgongo mwaka mzima uliopita.

"Yule ndiye mke wa timu hii," alisema Bi Horie alipoona darubini yangu imeganda. Ni utani wa zamani wa mchezo wetu, mdakaji huitwa mke wa mrushaji. Na mimi niliitwa hivyo nikachoka. "Waume wanakuja wanaondoka. Mke yule yule."

*

Karibu na uwanja ule kuna bafu la umma lenye bwawa la maji ya moto, na baada ya mchezo nilikwenda kuloweka magoti. Nilikuwa nimefumba macho nikasikia mtu anashuka majini kwa kuguna, mguu mmoja, pumziko, mguu wa pili. Nikafumbua. Alikuwa Dobashi, kitambaa kidogo kichwani, vidole vya mkono wa kulia vimepinda kila kimoja na njia yake. Vidole kama vyangu.

Sheria za ligi zinakataza mtu wa klabu moja kuzungumza na mchezaji wa klabu nyingine habari za kuhama. Kwa hiyo tukatazama mlima uliochorwa ukutani.

"Maji ya moto leo," alisema mwisho.

"Ya moto."

"Nilikuona, kaka."

"Nilikuwa napumzika tu."

"Kwa Bi Horie hakuna anayepumzika. Mimi natazama kule zamu zote tisa za mchezo. Ninawajua wote hadi mpiga tarumbeta mpya. Leo kaja mtu na darubini, na darubini inanitazama mimi." Akajimwagia maji usoni. "Imechelewa mwaka mzima, lakini imenitazama."

Nami nikajimwagia maji usoni.

"Tsukuda anaendeleaje?" akauliza.

"Anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

"Anazunguka uwanja."

Dobashi akavuta pumzi ndefu. "Yule kijana alikuwa mtiifu. Nilichoomba alirusha, nisipoomba alingoja. Siku mlipomchukua niliogopa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nani aliniuliza? Mlikaa nyuma yangu mkanitazama kama mlango uliofungwa." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni. "Na usinijibu, kaka. Mimi sisemi na wewe. Nasema na maji."

Basi nami nikasema na maji. "Na huyu wa sasa?"

"Huyu ananikatalia. Nikiomba mpira wa chini, mara nyingine anatikisa kichwa. Mara nyingine anakuwa sahihi."

"Peke yake ataweza?"

"Sijui. Hajawahi kuwa peke yake." Akainua goti juu ya maji, limevimba kama embe. Tukalitazama wote wawili. "Hili limekwisha kuniaga. Msimu ukiisha nami naisha. Kwa hiyo hapa au kokote, yule atakuwa bila mimi. Nataka kujua kama unavyotaka kujua wewe."

"Utajuaje?"

"Kocha ananisema kila siku niwaache vijana wafikiri wenyewe. Jumapili ijayo nitamtii kocha. Isogai atachagua mipira yake, mimi nitachuchumaa nidake. Udongo siupapasi, kichuguuni siendi. Bubu." Alishika ukingo, akajitoa majini kwa mikono kama mtu anayejitoa kisimani. Mlangoni akageuka. "Ile darubini iache. Inameremeta, inanichoma macho."

*

Wiki ile sikukaa mahali pamoja. Nilikwenda Niigata kumtazama mrushaji mwingine, nikaondoka kabla hajamaliza zamu ya tatu. Nilikula tambi nikiwa nimesimama. Tomioka alipiga simu Jumatano, akapiga tena Ijumaa.

"Ni yule wa Mbweha, au siye?"

"Ngoja Jumapili."

"Klabu ya Fukuoka imeanza kuuliza habari zake."

"Waache waulize. Watamnunua wakiwa hawajui walichokinunua."

"Kama sisi mwaka jana," alisema Tomioka, akakata.

Hakuwa amekosea, ndiyo maana ikaniuma. Nilikuwa mtu wa kujiamini kwa macho yangu. Sikuwa na cheti, sikuwa na maneno mazuri, nilikuwa na macho. Sasa kila nilichokitazama nilijiuliza kina upande gani nisiouona. Hata mhudumu wa hoteli aliponitabasamia nilijiuliza nani amemwambia atabasamu.

Jumapili nikaenda kwa wapiga ngoma mikono mitupu. Bi Horie akasogeza mkoba wake nikae.

"Ndege wameisha msituni?"

"Wameisha, mama."

Zamu mbili za kwanza Isogai alipita salama. Ya tatu akaanza kusitasita. Aliinama kumtazama Dobashi, akangoja, hakupata kitu, akachagua mwenyewe, akarusha, wakampiga. Akachagua tena, wakampiga tena. Kwa mbali Dobashi alikuwa amechuchumaa kama jiwe la makaburini. Hakuna bega lililopanda, hakuna kamba iliyofunguliwa.

"Dobashi anaumwa?" aliuliza Bi Horie, fimbo ya ngoma hewani. "Leo amekuwa sanamu."

Alama mbili zikaingia. Kisha, kwenye mpira rahisi kabisa, Maruo akafanya yale yale. Mpira ukamgonga kifundo cha mkono ukaruka pembeni, na sasa wapinzani walikuwa wamesimama kwenye vituo vyote vitatu. Ngoma zikanyamaza. Watu wote waliozoea kuitazama timu ile walikuwa wakimngoja Dobashi ainuke aende. Kocha akapanda ngazi moja kutoka kwenye benchi. Dobashi, bila kusimama, akamnyooshea kiganja: ngoja.

Isogai akawapa wapigaji kisogo, akatugeukia sisi. Sikuhitaji darubini. Uso niliousafiria haukuwapo. Ulikuwa uso wa mtu aliyepotelewa na wenzake stesheni, na kila treni anayoiona siyo. Nikaona getini pangu pa kukata tiketi, kofia yangu ya sare na kila kitu. Nikaona pia kitu kilichonisumbua zaidi: Isogai akizunguka uwanja wetu wa mazoezi, hatua moja nyuma ya Tsukuda.

Kisha akashuka kwenye kichuguu. Nilidhani anaenda kwa mdakaji, na kama angekwenda kwa mdakaji ningeondoka. Hakwenda huko. Alikwenda kwa Maruo. Maruo alikuwa amesimama akitazama viatu vyake kama ndivyo vilivyokosa mpira. Isogai akaziba mdomo kwa glavu, akasema kitu kifupi. Maruo hakuinua kichwa. Isogai akasema kingine. Mabega ya Maruo yakatikisika, mara moja, kisha sana, hadi akalazimika kujifuta macho kwa mkono wa fulana.

"Kamwambia nini?" aliuliza Bi Horie.

"Sijui."

"Na wewe hujui? Nilidhani ndiyo kazi yako."

Isogai akapanda tena. Akarusha ule unaozama. Mpigaji akaukwangua, na kati ya watu wote wa dunia ukaenda kwa Maruo. Hakuudaka vizuri. Aliuzuia kwa kifua, ukadondoka, akaupapatikia vumbini, akapiga goti, akaurusha kituo cha kwanza, ukamtangulia mkimbiaji kwa nusu ya hatua. Alama moja iliingia, lakini mpigaji alitolewa. Bi Horie alipiga ngoma kana kwamba wametwaa ubingwa. Mimi nilimtazama Dobashi. Alikuwa bado amechuchumaa. Akaishusha glavu, akaugusa udongo kwa upole, mara moja tu, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Nadhani hakujua kwamba ameugusa.

Baada ya hapo Isogai hakupigwa tena hadi walipomtoa. Mbweha walipoteza. Hapakuwa na jipya katika hilo.

*

Nilimpigia Tomioka nikiwa palepale kwenye kiti, watu wakikunja bendera.

"Kapoteza," alisema kabla sijasema kitu. Alikuwa akifuata matokeo.

"Kapoteza. Mchukue."

"Una uhakika?"

"Hapana."

Nilisikia anawasha sigara. "Mwaka jana ulisema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza."

"Mwaka jana nilikaa kwingine."

"Ulikaa wapi?"

"Tomioka, ukimchukua, usimweke chini ya mtu wa kumwambia kila kitu. Mwache akosee kidogo. Akipigwa, mwache ashuke mwenyewe aende anakotaka kwenda. Na msimu ukiisha kuna mdakaji wao anaacha kucheza..."

"Moja moja, Nagakura."

"Sawa. Moja moja."

"Nakutana na mwenyekiti saa hii. Nitakupigia." Hakuniambia kama ananiamini. Mtu wa haki hawezi kumwamini mtu aliyemjibu hapana.

Bi Horie aliniachia tonge moja la wali juu ya kiti, akaondoka bila kuaga, akimtukana Maruo kwa sauti ndogo, karibu ya kubembeleza. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mnara wa taa. Chini yetu, kwenye kipande cha uwanja cha kupashia misuli, Dobashi alikuwa ametoka tena na mrushaji mwingine wa Mbweha, kijana mrefu mwenye mkono uliolegea, ambaye sikuwahi kumtazama. Dobashi alichuchumaa kwa awamu, kiganja kimoja ardhini. Kijana akarusha, mpira ukampita juu ya kichwa ukagonga ukuta. Dobashi akainuka kuufuata mwenyewe, akachechemea, akarudi, akachuchumaa tena. Wa pili ukagonga ukuta palepale.

Macho yangu yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye mkono wa kijana, kwenye bega, kwenye kiwiko, kama yalivyozoea. Mkono ulikuwa mzuri. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Niliiacha itetemeke, nikainuka na tonge langu, nikahama viti kadhaa hadi mahali ambapo mgongo wa yule kijana haukunizuia kumwona Dobashi, nikakaa.

Dobashi alipandisha mabega, akayaangusha.